Mlango wa Berthe Waenda Ziwani

Jumatatu, 3 Novemba 2003

Bunia imeamka kimya. Hakuna risasi tangu juzi. Siku nzuri ya biashara!

Nilikuwa nimeketi mbele ya nyumba ya dada yangu Berthe. Ananilisha tangu vita inikimbize kutoka Kasenyi, kwetu ziwani, na hunikumbusha hilo kila asubuhi pamoja na chai. Ikasimama gari nyeupe. Ndani yake Lionel, Mfaransa anayechimba visima vya wakimbizi. Uso wa msiba. Juu ya gari, kitu kirefu cheupe, kama samaki mkubwa aliyekatwa katikati.

Nikamuuliza ni nini. Akasema ni ubao wa kupandia mawimbi. Mtu anasimama juu yake, wimbi linambeba hadi ufukweni. Aliona kwenye ramani kwamba Ituri hii yetu ina ziwa kubwa, akaja nao toka kwao. Ukavunjika ndani ya ndege. Je, Bunia kuna fundi?

Nikasema yuko! Fundi mkubwa! Namjua kama ndugu!

Simjui. Lakini mawimbi nayajua. Sisi watoto wa Kasenyi tuliyapanda kabla Lionel hajazaliwa, tumbo juu ya vipande vya mitumbwi iliyooza, mama zetu wakianika samaki na kutupigia kelele kwamba tutakufa. Hatukufa. Kufa kulikuja baadaye, na hakukutoka ziwani.

Lionel ameahidi: ubao ukipatikana, atanipa mabati. Mabati! Nyumba ya baba yangu kule chini Kasenyi imebaki kuta tu. Nimeshaiona ikiwa na paa. Nimeshajiona kibarazani.

Jumatano, 5 Novemba

Nimempata fundi. Marcellin, nyuma ya soko. Anatengeneza masanduku ya maiti, na miaka hii hajapumzika. Alisema ubao ni ubao. Akachukua nyundo. Nikamwambia polepole. Akapiga msumari.

Ndani hamna mbao! Mna povu gumu, kama godoro kavu. Vipande viwili vikawa vinne, kisha unga.

Marcellin aliomba radhi, akasema atatengeneza mpya. Kufikia alasiri ulikuwa tayari. Mzuri, lazima niseme. Msasa safi, rangi ya vanishi. Ila ulikuwa na vishikio pembeni, vitatu huku, vitatu huku. Nikauliza vya nini. Akautazama muda mrefu, akasema ni mazoea.

Lionel alipouona alivua kofia, akauliza nani amefariki.

Ijumaa, 7 Novemba

Berthe amesikia habari yote sokoni. Anasema mji mzima unacheka. Anasema fundi wa kazi hiyo ni mmoja tu, nami namjua vizuri.

Sitaki kusikia jina hilo.

Médard! Mwana wa marehemu Grégoire, mjenzi wa mitumbwi. Tulikua pamoja, tulipanda mawimbi pamoja, na kila mara yeye alifika mbali kuliko mimi, kwa sababu baba yake alimpa ubao mzuri zaidi. Kisha wote wawili tukampenda Hélène. Mimi nilimtungia maneno ya Kifaransa. Médard alimjengea baba wa Hélène mtumbwi. Hélène alichagua mtumbwi, wala si mtu! Nimelisema hilo miaka yote. Berthe anasema ndiyo, miaka yote, na chakula kinapoa.

Sitakwenda.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimekwenda. Nilivaa koti langu la harusi za watu.

Kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege ni matope na plastiki. Médard anauza makaa mbele ya hema lake. Kichwa chote mvi! Nilifurahi, halafu nikaona aibu kufurahi.

Akaniangalia. «Constant! Weye ungali na koti ile?»

Nikamweleza habari ya Lionel na ubao. Akasema hapana. Siku ile ya kukimbia, tezo ya baba yake, ya kuchongea mitumbwi, ilibaki ndani na nyumba ilikuwa inawaka. Fundi asiye na tezo ni muuza makaa. Alisema hivyo bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

Hélène alikuwa akisikiliza. Akaingia hemani, akatoka na kitu kimefungwa kwa kitenge kikuukuu. Akakifungua. Tezo! Alikimbia nayo mgongoni kama mtoto mchanga. Hakuwahi kumwambia mumewe, kwa kuogopa kwamba siku ya njaa ataiuza.

«Nilibeba hii, sufuria nikaacha,» akasema. «Sasa musiniulize tena sufuria iko wapi.»

Médard aliipokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole gumba kwenye makali.  Hélène akanipa kiti.

Mwishowe Médard akauliza: «Ubao niko nautaka mwepesi, wa kukauka miaka mingi. Uko nao?»

Nikasema uko!

Hauko.

Jumatatu, 10 Novemba

Kutwa sokoni na Médard. Anagonga mbao kwa ngumi na kusikiliza, kama daktari. Huu mzito. Huu una maji. Huu utapinda kabla ya Noeli. Wauzaji wamenichukia.

Nilirudi nyumbani nimechoka, nikaegemea mlango wa jiko la Berthe. Nikaugonga, kwa kuzoea tu. Ukalia kama ngoma!

Mwepesi. Mkavu. Umepigwa moshi miaka mingi. Na Berthe alikuwa mazoezi ya kwaya.

Aliporudi nilimwambia wezi wamepita. Ni vita, dada, milango inaibwa kila kartié, mtaa kwa mtaa. Berthe aliangalia nafasi iliyobaki. Akauliza ni wezi gani wanaofungua bawaba taratibu na kuziweka skrubu zote ndani ya kikombe. Nikasema siku hizi hata wezi wana nidhamu ya kijeshi.

Akazihesabu skrubu moja moja. Hesabu za Berthe sizipendi.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku nzuri kuliko zote tangu vita ianze. Naandika hivyo ingawa sikio linaniuma.

Médard anachonga. Amekata mbao za mlango, ameziunga upya, nyufa ameziziba kwa pamba na lami, kama baba yake alivyofanya. Harufu ile! Nilifumba macho nikawa Kasenyi. Boti za Uganda zinafika na sabuni na redio. Wanawake wanagombania mizani ya samaki. Muzee Grégoire anatufukuza kwenye karakana yake, na sisi tunarudi kwa mlango mwingine. Nilimtajia Médard yule mbwa aliyekuwa akisafiri na wavuvi na kushuka kwanza kuliko wote. Alicheka mpaka akaweka tezo chini. Wakimbizi wengine wakasogea, kila mmoja na habari yake ya ziwani. Hélène akapika uji wa watu wote.

Nilipendekeza jina langu liandikwe kwenye ubao, kama wakala. Médard alikataa. Wivu ule ule.

Ndipo akaja Berthe. Anasema alikuja kusalimia mtu wa kwaya. Akauona ubao. Akainama. Kwenye mbao ya kati kulikuwa na alama nyeusi ya mduara, mahali alipowahi kuegemeza sufuria ya moto.

Nilipigwa mwavuli mbele ya kambi nzima. Watu walishangilia!

Médard alimsihi, akamwambia kweli yote. Berthe akauliza kama kitu hiki kitaingia ziwani kweli, ziwa letu lile. Médard akasema ndiyo, mama, kitaingia. Berthe akaugusa ubao kwa kiganja. Akasema basi uende, angalau kitu changu kimoja kirudi nyumbani.

Kisha akanipiga mara ya mwisho.

Alhamisi, 20 Novemba

Tumeshuka Kasenyi! Lionel alikuwa na ruhusa ya kwenda kuangalia visima, askari wa kulinda amani mbele na nyuma, na siye watatu juu ya mabomba: mimi, Médard na Hélène. Bogoro, walikouawa watu wengi mwaka huu, tulipita bila kusimama. Halafu barabara ikainama, na ziwa likaonekana lote. Hélène alishika mkono wa mumewe. Mimi nilishika ubao.

Kasenyi ni majani na kuta nyeusi. Wavuvi wachache wamerudi. Hawakuuliza tulitoka wapi. Walituuliza tumekuja kubaki?

Mchana upepo ukaamka, mawimbi yakaja. Lionel aliingia, akasimama juu ya mlango wa Berthe, akapepea mikono, akaanguka kifudifudi. Akarudi. Mara ya nne ubao ukamchukua mpaka mchangani, naye akapiga mayowe kama mtoto. Akamkumbatia Médard, akasema hajawahi kupanda ubao kama huu. Médard alisema mbele ni mzito kidogo, atapunguza.

Kisha Médard akavua shati. Na mvi zake! Alilala tumbo, akangoja. Aliyaacha mawimbi mawili yapite, kama zamani. La tatu likamwinua. Wavuvi waliacha nyavu. Hélène alikuwa amesimama maji hadi magotini, analia na kucheka, na kunitazama mimi kana kwamba ni mimi niliyefanya.

Nami nilijaribu. Nilikunywa maji mengi ya ziwa. Yana ladha ile ile.

Jioni Médard akasema hawarudi Bunia. Watu wanataka mitumbwi, tezo iko. Akanionyesha kiwanja cha baba yangu. Kuta ni nzima.

«Baki, Constant. Siye tutakusaidia. Weye leta tu mabati.»

 Nilisema kesho kutwa, naenda kuchukua mabati na kurudi. Niliapa kwa kaburi la baba. Niliapa kwa moyo wote.

Jumanne, 25 Novemba

Lionel ni mtu wa neno lake. Mabati yamefika asubuhi, mapya, yanang'aa. Berthe alifunga mizigo yangu kwa mikono yake mwenyewe, akatia na karanga. Gari la kushuka Kasenyi lilikuwa liondoke mchana.

Nikatoka kwenda kuagana na watu. Na huko njiani, bahati ya ajabu! Mtu mmoja anaitwa Sébastien alikuwa na mashine ya kutoa fotokopi. Kubwa, ya Ulaya, nusu mpya. Alitaka mabati tu, nikampa yote. Mjini hakuna fotokopi inayofanya kazi, na amani ikija kila mtu atahitaji karatasi: cheti, ruhusa, mashtaka. Nitakuwa tajiri!

Tumeibeba na Sébastien mpaka ukumbini. Berthe ameizunguka mara mbili. Akauliza itatumia umeme gani, wakati kartié haina waya. Nimemwambia umeme utakuja. Akauliza kwa nini ndani kuna kiota cha panya. Nimemwambia hilo ni jambo la fundi.

Gari la Kasenyi limepiga honi mbele ya nyumba, likangoja, likaondoka.

Nitashuka mwezi ujao, na mabati mara mbili ya yale. Kuta ni nzima, Médard mwenyewe alisema. Hazina haraka.