Dawa ya Siku ya Shambulio

Mzee wa Suti, tapeli mwenye suti moja na vyeo vingi, alilisoma tangazo kwenye gazeti lililofungiwa karanga zake. Wizara ilitafuta dawa za kuweka akiba, ikitokea siku adui akawamwagia wananchi vijidudu. Alitafuna taratibu. Hapo, ndugu msomaji, usalama wa taifa ulianza kuyumba.

"Dawa isiyoguswa mpaka vita vije," alimwambia mkewe, fundi wa nguo. "Nani atajua haifanyi kazi?"

"Wagonjwa," alijibu mkewe, macho kwenye sindano.

"Hao siku hiyo watakuwa na shughuli nyingine."

Mkewe alipokwenda kumwuguza dada yake, jamaa akaibeba cherehani yake, akaibadilisha kwa chupa mia mbili, gunia la sukari na lakiri nyekundu. Aliapa ataikomboa kabla mwenyewe hajarudi Jumamosi.

Ijumaa akashusha makasha yake kwenye ghala la wizara. Mtunza ghala, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimsikiliza nusu saa nzima.

"Ukivunja lakiri kabla ya shambulio, mama, nguvu zote zinapotea hewani."

"Hata kuinusa tu?"

"Hasa kuinusa."

Mama akainamisha kichwa kwa heshima, na huko chini akawaona sisimizi. Walikuwa wamepanga foleni kutoka dirishani hadi kwenye makasha, kwa nidhamu ambayo wizara haijawahi kuiona. Miaka thelathini ya ghala ilikuwa imemfundisha kutopuuza maoni ya sisimizi.

"Nimepokea, baba." Akaingia ofisini, akatoka na bahasha nene iliyopigwa lakiri. "Na malipo yako haya. Mzigo na malipo vinafunguliwa siku moja, siku ya shambulio. Ukiwahi, nguvu zote zinapotea hewani."

Mzee wa Suti akaipokea kwa mikono miwili. Angebishana vipi na maneno yake mwenyewe?

Jumamosi mkewe alikuta meza tupu, na mume kaikumbatia bahasha kando ya redio.

"Cherehani yangu iko wapi?"

"Inakuja, mke wangu. Tusikilize habari kwanza."

Mtangazaji akasema mipaka yote ni shwari. Mzee wa Suti akashika tama, raia pekee aliyehuzunishwa na amani.

Mkewe akachukua mkasi, akaikata bahasha. Ndani mlikuwa na magazeti ya zamani na karatasi moja: *Tumepokea sharubati, chupa mia mbili. Imetufaa sana kwenye kumuaga mhasibu.*

Akaisoma mara mbili. Kisha akampima mumewe kwa macho, mabega hadi miguu, kama anavyopima wateja.

"Kitambaa bado kizuri," alisema. "Vua suti."