Mpangaji wa Mungu Anaomba Asitolewe Kwanza

Lipangalala, Ifakara

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Ardhi,

Shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaitoa. Kwa umri wako najua ilikuwa njiani. Marahaba.

Mimi ni Paskazia, yule bibi uliyemnyang'anya nyumba ukampa Stanislaus, mtoto wa shemeji yangu, anayedai baba yake ndiye aliyetupangisha. Nyumba tuliijenga mimi na marehemu mume wangu. Udongo wake niliukanyaga kwa miguu hii nikiwa na mimba ya mwanangu Faustin. Sasa naambiwa dalali wa mahakama atakuja kunitoa. Naomba umzuie mpaka ombi langu la kukata rufaa lisikilizwe. Malalamiko ni haya:

1. Uliponiuliza, "Bibi, nyumba hii ni yako?" nilijibu kama mtu aliyelelewa: "Baba, nyumba ni ya Mungu, sisi hapa wapangaji tu." Wewe ukaandika: mdaiwa amekiri kuwa ni mpangaji. Ee! Hivi kwenye misa za mazishi huwa unakaa wapi? Kwetu anayejibu "ndiyo, yangu" mbele za watu anaonekana hana adabu. Lakini nakubali, kosa ni la mdomo wangu. Mdomo huu ulimshinda marehemu, ukamshinda katekista. Siku niliyouhitaji, ukanishinda mimi.

2. Mnasema nimechelewa kukata rufaa. Sikuchelewa, nilisusa. Nilitoka barazani bila kuaga, nikakaa nyumbani nikisubiri mje kunibembeleza. Mtu mzima akisusa hufuatwa, ikibidi na jogoo mkononi. Hamkuja. Nikaendelea kususa kwa bidii mpaka muda ukaisha. Kumbe serikali haibembelezi mtu!

3. Kwa hiyo natakiwa niombe kwanza ruhusa ya kukata rufaa, na huku naomba, huku natolewa. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini hata mwalimu wetu alilijua hili: mtoto akiomba ruhusa ya kwenda nje, ukimchelewesha, kinachokuja hakisubiri jibu.

4. Karani wako kaniambia Stanislaus ameomba "kukazia hukumu," ndiyo hiyo ya kunitoa. Mwenyekiti, kinachokazwa ni kilicholegea. Ingekuwa hukumu imara, mngekazia nini?

5. Kama mimi ni mpangaji, mwenye nyumba nilimtaja, tena kwa jina. Stanislaus amemruka. Naomba Mungu aitwe kwa samansi, padre atampokelea. Asipofika tarehe ya kwanza, kesi iahirishwe kama mnavyowaahirishia wakubwa wengine. Na mkikataa, basi mtutoe wapangaji wote siku moja: mimi, Stanislaus na wewe Mwenyekiti, kila mtu na mkeka wake kwapani.

Kwa sababu hizo, hakuna binadamu wa kunitoa katika nyumba ile. Dalali akija atanikuta mlangoni, na hapo ndipo atajua alikuja wapi.

Nakomea hapa kwa heshima yote iliyonibakia. Wasalimie wa ofisini, na mkeo, na watoto. Karani naye msalimie, ingawa alicheka.

Mimi, mama yako kwa umri,
Bibi Paskazia, mwenye nyumba

N.B. Kabla sijaifunga barua, dalali amefika na vijana wake. Nilisimama mlangoni kama nilivyoandika. Lakini wale watoto walivyolibeba kabati langu! Mmoja kashika mlango wake, mwenzake anavuta mguu. Nikashindwa kuvumilia. "Pisheni huko, kwenu hamna kabati?" Nikawaonyesha pa kushika, nikawapanga nani atangulie, kitanda nimekifungua kwa mkono wangu mwenyewe. Kazi imekwisha upesi mpaka dalali kanishukuru. Sasa nimekaa uani juu ya gunia la mpunga, na wingu limesimama upande wa milima ya Udzungwa. Naomba zuio lije haraka, na lije na turubai.