Nilivyokiunga Mkono Kibali cha Mashudu

Jamani, leo nimejiaibisha mwenyewe, tena kwa kipaza sauti.

Mnajua mimi ni katibu wa umoja wetu wa wakamuaji wa alizeti hapa Dodoma. Watu wa mashine ndogo ndogo, siyo matajiri. Sasa kuna kanuni mpya zinaandaliwa, na ndani yake kuna kifungu kinachotaka kila mzigo wa mashudu utoke kwa kibali. Mashudu, yale makapi yanayobaki tukishakamua mafuta! Wafugaji wa Bahi wanakuja kuyabeba kwa bodaboda, wakalishe ng'ombe. Gunia moja, kibali? Kifungu hicho kikipita, wengi wetu tunafunga mashine.

Wizara ikaita wadau tukatoe maoni kule Mtumba, kwenye ofisi za serikali. Nikachaguliwa niwe msemaji. (Nilijichagua. Wenzangu walikuwa bado wanasitasita.) Siku tatu nimefanya mazoezi mbele ya mke wangu. "Unaongea kama mbunge," akaniambia. Kichwa kikavimba.

Asubuhi tukafika, mimi na mwenyekiti wetu Mzee Ndahani, Mgogo wa Bahi, mtu wa maneno machache. Ukumbi mzuri huo! Kila kiti na kipaza sauti chake. Mimi na udadisi wangu nikaanza kubonyeza. Taa nyekundu inawaka, inazimika. Nikajiuliza, hivi wakibonyeza wote kwa pamoja inakuwaje?

"Acha, katibu," Mzee akaninong'oneza. "Utaiharibu."

Zamu yetu ikafika. Niliongea, jamani!

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mfugaji akifuatilia kibali cha gunia moja wiki nzima, ng'ombe wake atakula nini? Fomu?"

Watu wakacheka. Mzee Ndahani akawa anaitikia kwa kichwa. Dakika kumi nimekiponda kile kifungu mpaka nikakionea huruma.

Nikafika mwisho. Sasa, miaka yote nikiwa kwenye mashine, redio yangu iko Bungeni. Mbunge anaweza kuilalamikia bajeti mwanzo mwisho, halafu anamalizaje? Mnajua wenyewe. Basi ulimi ukazoea, na leo ukateleza. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja!"

Meza zikagongwa! Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kulia, kushoto. Ndipo nikaona wanaogonga ni maofisa walioandika kile kifungu. Wao tu.

Mwenyekiti wa kikao akatabasamu. "Tunawashukuru wakamuaji kwa kutuunga mkono."

"We katibu," Mzee Ndahani akauliza, "umeunga mkono nini?"

Nikakirukia kipaza sauti. Nikabonyeza tena.

"Mheshimiwa, naomba kufuta kauli."

"Kauli ipi? Umeongea dakika kumi."

"Maneno matatu ya mwisho."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mpaka mama aliyekuwa anapanga vikombe vya chai. Nikaanza kujieleza, kigugumizi kikanishika (sijawahi kuwa nacho). Mzee Ndahani akanivuta koti nikakaa, akasimama yeye.

"Kibali hatutaki. Ahsanteni."

Akakaa. Dada anayeandika kumbukumbu akafuta mstari, akaandika upya. Kama kifungu kitaondolewa sijui, wamesema watatujibu. Angalau tumeandikwa kwamba tunapinga, na nilishukuru kutoka moyoni.

Wakati wa chai udadisi ukanizidi. Nikamfuata yule dada.

"Samahani, dada. Hivi wabunge wakimaliza vile, huwa wanajua wameunga mkono nini?"

Akaniangalia juu mpaka chini. "Kaka, mimi nilitaka nikuulize wewe."

Mdomo uliponza kichwa. Mnaotaka kunicheka, pangeni foleni nyuma ya Mzee Ndahani. Ameanza njiani na mpaka sasa hajamaliza.