Kushoto Marefu, Kulia Mafupi

Jumatatu, 9 Juni

Uchaguzi wa mwenyekiti wa klabu yetu ya magari ni Ijumaa jioni. Lazima niwe mimi! Mpinzani wangu ni Katibu, muuza magodoro, mtu wa kutabasamu ovyo.

Klabu imegawanyika pande mbili, na chanzo ni mabomba ya moshi, yale yanayotoka kwenye injini kabla ya kufika kwenye silensa. Nusu wanasema gari la mbio lifungwe mabomba marefu: nguvu zaidi, mlio mzito. Nusu wanasema mafupi: yanaingia bila tabu, hayaning'inii, hayakwaruzi matuta. Watu wamenuniana. Wengine hawasalimiani. Katibu ni wa mafupi na wala hajifichi. Mjinga! Amejipunguzia kura mwenyewe.

Mimi nimetumia akili. Mchana nimewaambia watu wa marefu, mmoja mmoja, kwamba mimi na wao damu damu, na gari langu linafungwa marefu wiki hii. Jioni nimewaambia watu wa mafupi vivyo hivyo. Wote wamefurahi. Wote wameahidi kura. Wote wamesema Ijumaa watainama waangalie chini ya gari.

Hilo la kuangalia sikulitegemea.

Jumanne, 10 Juni

Sijalala vizuri. Marefu au mafupi? Miaka yote hii nauza mabomba ya maji, mtaa mzima ukitaka bomba unaniuliza mimi, na leo bomba linaninyima usingizi.

Nyumbani kuna jambo jingine. Mama mkwe yuko kwetu, amekaa sebuleni na mkoba wake hajaufungua. Jumamosi asubuhi anafanyiwa upasuaji wa jicho. Ameshaahirisha mara mbili kwa woga. Daktari amesema akikosa na safari hii, jicho linaweza kupotea kabisa. Hataki teksi. Hataki majirani. Amesema atakwenda na mkwe wake tu, kwa sababu anaendesha polepole na hana papara.

Mke wangu ameniuliza kama gari litakuwa zima Jumamosi. Nimesema kwa nini lisiwe zima. Akanitazama. Nikaenda kunywa maji.

Kusema kweli naogopa. Yule mama ananipenda, na sijui amependa nini. Haoni vizuri.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata! Nimepata nikiwa kaunta, mteja mbele yangu anasubiri koki. Injini yangu ina silinda sita, tatu upande huu, tatu upande ule, na kila upande una mabomba yake. Kila upande! Kushoto marefu, kulia mafupi. Watu wa marefu nitawasimamisha kushoto, wa mafupi kulia, na mimi katikati nikipunga mkono.

Nilimwacha mteja na koki yake, nikakimbia kwa Fundi. Fundi wangu ni mtu mzuri sana, hajawahi kumkatalia mtu kitu. Nikamuuliza kama inawezekana. Akasema inawezekana. Nikamuuliza kama injini haitadhurika. Akasema haitadhurika. Nikamuuliza kama wapo waliowahi kufanya hivi. Akasema wengi. Nikamwomba anitajie mmoja. Akasema nitakuwa wa kwanza.

Hapo nilitaka kughairi. Lakini gari lilikuwa limeshapandishwa kwenye jeki.

Mke wangu amepiga simu kuuliza gari liko wapi. Nimesema linaoshwa.

Alhamisi, 12 Juni

Mke wangu amesema gari gani hilo linaoshwa siku mbili. Nimesema lilikuwa chafu sana.

Nimeshinda gereji. Dukani nimesema naumwa jino. Mafupi yaliingia kulia mara moja, bila kelele. Marefu yakagoma. Yaligonga chuma cha usukani, yakagonga fremu. Fundi akayapiga nyundo, akayakata, akayachomelea upya. Mwisho yakaingia, ila yananing'inia chini kiasi kwamba paka wa gereji alijaribu kupita akaghairi. Nimemuuliza Fundi kama si chini mno. Akasema si chini. Nikasema mimi naona ni chini. Akasema kweli, ni chini.

Tukawasha. Mungu wangu! Kushoto ikanguruma, kulia ikakohoa, na gari zima likatetemeka hadi kioo cha pembeni kikageuka kutazama ardhi. Fundi akasema limetulia.

Nyumbani, Mama mkwe alinishika mkono. Akaniomba Jumamosi nisimwache peke yake, nifike naye hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Nimeahidi. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Ijumaa, 13 Juni

Aibu! Aibu tupu!

Nilifika mapema uwanjani, nyuma ya ghala la mbao. Nikaegesha katikati. Watu wa marefu nikawapanga kushoto, wa mafupi kulia, nikasema ni kwa ajili ya kivuli. Wa kushoto wakainama, wakaona, wakapiga makofi. Wa kulia wakainama, wakaona, wakapiga makofi. Kichwa kikanivimba. Nilishaanza kutunga hotuba.

Kisha Katibu. Nani alimwomba? Alivua koti, akalala chali, akajisukuma chini ya gari upande wa kushoto. Akatokea upande wa kulia.

Alijipangusa vumbi, akaanza kucheka, akashindwa kusimama, ikabidi ashikwe. Wengine nao wakaingia chini, wakatokea upande wa pili, wakacheka. Watu ambao hawajasalimiana tangu mwaka jana wakawa wameshikana mabega, wanafutana machozi. Nimeipatanisha klabu nzima na hakuna aliyenishukuru.

Kura zangu: mbili. Moja yangu, moja ya Fundi. Fundi, naye mwanachama, alinyoosha mkono kumpigia kura Katibu pia.

Nilitaka marefu yafunguliwe jioni ile ile. Fundi alisema inawezekana, akaenda kwenye sherehe ya Katibu.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya leo sitaisahau.

Tuliondoka asubuhi, Mama mbele, mke wangu nyuma. Gari linakohoa na kunguruma. Mama akauliza kama kuna lori linatufuata. Nikasema ndiyo, tena kubwa. Mke wangu hakusema kitu. Namjua. Angesema ingekuwa afadhali.

Tuta la kwanza nililipanda mshazari, polepole. Tukapita. La pili, karibu kabisa na hospitali, tulisikia chuma kinalia, gari likanyanyuka, likakaa juu ya tuta na kuzima. Marefu yalikuwa yamekatika na kujichomeka kwenye lami. Moshi ukapanda. Mama akaniambia kwa sauti ndogo turudi nyumbani. Akasema pengine si siku yake. Tayari alikuwa anapapasa mkanda aufungue.

Hapo niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Si kwa ajili ya gari. Niliona jicho la mama wa watu linapotea kwa sababu yangu, kwa ajili ya kura mbili! Nikatoka katikati ya barabara, nikapunga mikono yote. Gari la kwanza kusimama lilikuwa la Katibu, ambaye duka lake la magodoro liko njia hiyo hiyo. Lilipanda tuta na kushuka bila hata kunong'ona.

Nilijua atanicheka. Nilikuwa tayari kupiga magoti. Hakucheka. Alimsalimia shemeji yake, yaani mke wangu, akamwamkia Mama, akafungua mlango. Alikuwa mwema, na hilo liliniuma kuliko kicheko cha jana. Mama akagoma, hapandi gari la mtu asiyemjua. Nikamwambia nitakaa naye kiti cha nyuma, nimshike mkono. Akafikiri. Akapanda. Ule mkono sikuuachia hadi mlango wa upasuaji. Muuguzi ndiye aliyenibandua.

Upasuaji umekwenda vizuri. Nimelia chooni, maji ya bomba yakiwa wazi ili nisisikike.

Jumapili, 15 Juni

Wamemfungua bandeji. Mama akatazama dirisha. Akamtazama binti yake, akasema amekonda. Kisha akanigeukia mimi. Nikajiweka sawa, nikatabasamu. Alinitazama kwa muda mrefu, halafu akasema kumbe mkwe wake ana uso wa wasiwasi namna hii, anamkimbia nani?

Halafu akauliza yuko wapi yule kijana mstaarabu mwenye gari lisilo na kelele. Mke wangu amesema atamwalika chakula.

Daktari amesema jicho la pili ni baada ya wiki mbili, Jumamosi. Mama amesema sasa haogopi tena. Mke wangu amesema usafiri ameshaupanga, na hakunitazama alipokuwa anasema. Nilitoka nje nikasimama karibu na geti, sina hata gari la kuegemea.

Jumatatu, 16 Juni

Nimewaza sana na nimegundua kosa. Kosa halikuwa kuchanganya mabomba. Kosa lilikuwa upande! Mama alikaa kushoto, na Mama si mwepesi. Uzito wake umeshusha gari upande ule ule wa marefu. Nilishindwaje kuona? Sasa marefu yakihamia kulia, ninapokaa mimi mwembamba, na Mama akabaki kushoto juu ya mafupi, gari litajiinua lenyewe panapotakiwa. Katibu, pamoja na mbwembwe zake zote, hajawahi kulifikiria hili.

Gari limefika gereji asubuhi, likivutwa kwa kamba. Mke wangu nimemwambia amshukuru Katibu na amwambie asisumbuke. Amenyamaza. Nimechukulia amekubali.

Mama nitampeleka mwenyewe. Gari litakuwa tayari Ijumaa jioni.