Saa Arobaini na Nane za Tumbo Langu

Jumatatu, 3 Novemba

Mama Émérance, mwenye mgahawa, katuita jikoni, mimi na Gaudiosa. Kasema sheria inataka mgahawa uwe na msimamizi wa usalama wa chakula mwenye cheti. Mafunzo kesho na keshokutwa, Sanyuanli. Ijumaa mkaguzi atakuja kutupima hapa hapa jikoni. Mmoja wetu atapewa usimamizi wa jiko zima, na picha yake itatundikwa juu ya kaunta.

Mimi nina miaka sita kwenye jiko hili la Huanshi Zhonglu, hapa China. Gaudiosa ana miezi minane tu tangu atoke Bukoba. Anapimwa nini? Lakini alitabasamu. Mtu hatabasamu bure.

Nimempigia mama mkwe, Moshi, kumwambia nimeteuliwa. Bado, ni kweli, lakini habari njema haitaki kucheleweshwa. Atatangaza Jumapili kwenye jumuiya.

Jumanne, 4 Novemba

Darasa liko ghorofa ya nne, juu ya ofisi ya mizigo. Mwalimu ni Mchina, mkalimani ni Yasir, mwanafunzi wa chuo kutoka Unguja. Tumefundishwa kunawa mikono. Sekunde ishirini! Mimi, baba wa watoto watatu, nafundishwa kunawa!

Gaudiosa kaandika kila kitu. Ana kalamu mbili. Moja haimtoshi kwa nini? Halafu Yasir kamwita dada mara nne. Mimi kaniita kaka mara moja, tena akiniomba nisikorome. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango umeiva. Wakati wa mapumziko nilimwambia Yasir kwamba tumbo la kuendesha limenishika, naomba ruhusa niondoke. Akarudi nyuma hatua mbili. Akauliza limeanza lini. Nikasema jana. Akauliza kama jana jioni nilipika. Nikasema nilipika, tena sana, mimi si mvivu. Akaandika kwenye daftari, akanipa pole. Kijana mwenye huruma. Nilimshuku bure.

Nikapanda metro, nikarudi kazini kupekua kabati la Gaudiosa. Halina kufuli. Anayeacha kabati wazi anajifanya hana la kuficha. Ndani: aproni, rozari na kipimajoto. Mtu mzima wa afya, kipimajoto cha nini?

Alhamisi, 6 Novemba

Kazi kubwa. Désiré, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Lubumbashi, kabatizisha mtoto, karamu kafanyia hapa kwetu. Watu sitini! Mimi nimechoma kuku, Gaudiosa kapika samaki, wali na sombe, yaani kisamvu cha Wakongo. Wageni wamekula, wameimba, wameondoka.

Saa tisa alasiri wenzangu walikuwa wamejilaza kwenye viti, kama kawaida. Nikafungua friji. Rafu ya chini kabisa, nyuma ya maziwa: vikopo vinne vidogo! Kuku, samaki, wali, sombe. Kwenye kila kifuniko kuna karatasi yenye tarehe na saa, kwa mwandiko wa Gaudiosa.

Nimemnasa! Ni hongo ya mkaguzi. Au ya Yasir. Dada mara nne! Nikafikiri nimwite Mama Émérance, lakini angesema nina wivu. Basi nikakaa juu ya gunia la mchele nikala vyote vinne. Si uroho, maana nilikuwa nimeshiba. Kuku wangu safi kabisa. Samaki hakuwa na chumvi. Nikaosha vikopo, nikavifunika, nikavirudisha palepale.

Leo nitalala usingizi wa mtu mwema.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku mbaya. Mkaguzi kaja saa nne asubuhi pamoja na Yasir. Nilijiandaa kunawa mbele yao. Kabla sijafungua bomba, Yasir akafungua daftari, akasoma jina langu: Wilbard, tumbo la kuendesha tangu Jumanne, na alipika. Kumbe mwenye tumbo la kuendesha haruhusiwi kugusa chakula! Hilo walifundishwa Jumatano, baada ya mapumziko.

Nikasema nimepona. Mkaguzi akauliza kama jana nilikuwa jikoni. Mama Émérance akajibu kwa fahari kwamba nililisha watu sitini.

Mkaguzi hakucheka. Akataka sampuli. Gaudiosa akasema zipo: ukipikia shughuli, unatenga kidogo cha kila chakula, kinakaa kwenye friji saa arobaini na nane, ili watu wakiugua kipimwe. Akafungua kikopo cha kwanza. Akafungua cha pili. Mkaguzi akachungulia vyote, akasema mei you, yaani hakuna kitu.

Gaudiosa akalia. Akaapa kwamba aliweka kila chakula kwa mkono wake, hata samaki, aliyemtia chumvi sawasawa.

Nikasema hakuwa na chumvi.

Wote wakanigeukia. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Yasir akatafsiri polepole. Mkaguzi akaamua: sampuli sasa ni mimi. Nikae nyumbani saa arobaini na nane. Nikiugua, jiko linafungwa. Nisipougua, cheti ni cha Gaudiosa. Mama Émérance akanishika shati, akanisihi kwa Kiswahili chao cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa: “Papa Wilbard, hii tumbo yako njo restaurant yangu sasa. Usigonjwe, je t'en prie!”

Jumamosi, 8 Novemba

Gaudiosa anapiga simu kila baada ya saa mbili, anauliza nimeenda choo cha namna gani. Désiré naye kapiga. Kwaya ya Wakongo imeliombea tumbo langu kwa jina. Mama mkwe anauliza kazi mpya inaendaje. Nimemwambia leo nimepumzishwa kwa heshima.

Jumapili, 9 Novemba

Saa zimetimia. Mzima kabisa! Picha ya Gaudiosa iko juu ya kaunta. Mama mkwe ameshatangaza, sasa anataka kuona yangu. Nimemwambia ukuta unapakwa rangi.

Mchana Gaudiosa kaja mwenyewe na bakuli la supu ya samaki. Kasema, asante kaka kwa kutougua, yamekwisha, nimekusamehe. Kesho nirudi kazini. Na safari hii kaongeza chumvi.

Kanisamehe? Siku ya pili tu? Hapana. Hapa kuna jambo.

Supu nimeinywa, ilikuwa tamu. Lakini nimebakiza kidogo kwenye kikopo, nimebandika tarehe, saa na jina lake, nimekisukuma chini ya kitanda, karibu na viatu. Kitakaa humo saa arobaini na nane kamili. Jumanne nitakifungua. Kikinuka tu, nampelekea mkaguzi.