Konokono Wangu na Ramani ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Bosi ametangaza: mwezi ujao Dira anachukua likizo. Anatafutwa mtu wa kukalia kiti chake. Mtu huyo ni mimi, ila bosi bado hajajua.

Dira ni shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, na ndiye aliyeniingiza kazini hapa ghalani. Tunapeleka mitungi: gesi ya kupikia kwa shule na hoteli, oksijeni kwa hospitali na zahanati. Magari sita, wateja arobaini na kitu, na yeye ndiye anayepanga gari lipi lipite wapi. Leo nilimwangalia. Saa nne hoteli ikafuta oda. Dakika ileile shule ikaongeza mitungi mitano, na daraja likafungwa. Akatazama ramani ukutani, akahamisha pini tatu, akapiga simu mbili, akarudi kwenye chai yake. Bado ya moto! Vinyweleo vilinisimama. Ni kama kumwona mtu anasuka nywele za mtoto anayekimbia.

Nitampita.

Jumanne, 4 Machi

Nimevumbua! Mpango wa Konokono. Magari yanatoka ghalani yakizunguka, kila duara kubwa kuliko lililotangulia, mpaka mji uishe. Nimeuchora nyuma ya kalenda kwa rangi sita, kila gari na yake. Hakuna pini, hakuna simu. Uzuri mtupu. Mke wangu aliutazama sana, akauliza kama ni kitambaa cha meza.

Nikamwonyesha Dira. Akauliza swali moja tu: mteja akibadilisha oda je? Nikamjibu atakatazwa. Akashika shavu. Nilidhani ni wivu. Kumbe jino.

Jumatano, 5 Machi

Dira yuko kwa daktari wa meno. Kiti kitupu! Saa mbili kamili konokono akatoka ghalani.

Saa tatu simu zikaanza. Ongeza, punguza, ahirisha. Nikauweka mkono wa simu pembeni ili mpango upate kupumua. Saa nne Ndevu, dereva wetu mkongwe, akanipigia kwenye simu yangu. Amekutana uso kwa uso na gari letu jingine uchochoroni, hakuna wa kumpisha mwenzake. Akataka kujua yeye anakwenda au anarudi. Nikamwambia anazunguka. Akazima injini.

Saa tano muuguzi wa zahanati akaingia, jasho linamtiririka. Amepiga simu saa nzima. Wamepokea watoto wawili wagonjwa wa kifua, na oksijeni iliyobaki haifiki adhuhuri. "Kaka, mtungi wangu uko wapi?"

Nikamtazama konokono. Zahanati ilikuwa duara la nne. Alasiri.

Hapo Dira akaingia, shavu limevimba, nusu ya mdomo imekufa ganzi. Hakunifokea. Aliurudisha mkono wa simu mahali pake, akasimama mbele ya ramani, akafumba macho.

"Ndefu yufo wafi?"

Nikasema amekwama uchochoroni. Akauliza uchochoro upi. Akatabasamu upande mmoja. Uchochoro ule unatokea nyuma ya zahanati! Ndevu alibeba oksijeni ya hospitali kuu, na Dira alijua hospitali kuu inayo ya kutosha mpaka jioni, kwa kuwa asubuhi alimpigia mtunza stoo wao kumjulia hali mkewe. Madereva wawili wakausukuma mtungi kwa kitoroli. Dakika kumi na tisa! Muuguzi akapigiwa simu: umefika, umefungwa, watoto wanapumua. Akaketi sakafuni akalia. Mimi pia.

Magari mengine Dira aliyageuza moja moja, kwa nusu mdomo. Nilisimama nimevua kofia, sijui niliivua saa ngapi. Mji mzima unatembea ndani ya kichwa cha mwanamke yule! Nikamuuliza anajuaje yote haya. Akasema huwa anawauliza watu hali zao.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi alitaka niondoke leo leo. Dira akamwomba anipe mwezi mmoja: nikae kando yake, nipokee simu, nisiguse pini. Likizo yake ameiahirisha.

"Shemeji, sikiliza watu kwanza," akaniambia. "Penseli weka chini."

Nikaapa. Kwa machozi.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari siku tatu. Somo limeniingia. Konokono hana kosa lolote. Kosa ni la wateja, wanaobadilika bila taarifa. Kwa hiyo nimebuni Fomu ya Mabadiliko ya Ghafla. Kila mteja ataijaza siku tatu kabla, akieleza mabadiliko yote ya ghafla anayotarajia kuyafanya, na saa yake. Nakala ya kwanza nitampelekea yule muuguzi.

Mke wangu ameisoma mara mbili. Ametoka uani na simu, anazungumza na dada yake kwa sauti ya chini. Bila shaka anamwandaa kisaikolojia. Si rahisi kupitwa.