Chanzo cha Hadithi ya Mwalimu Rodah

Umma unatangaziwa kwamba kuanzia mwaka huu wa 1994, hakuna mkazi wa tarafa yetu atakayeandika riwaya bila kuonyesha alikoitoa. Chai inatoka shambani, maziwa yanatoka kwa ng'ombe. Hadithi nayo haiwezi kuachwa itoke popote inapotaka. Hayo yalisemwa na Mwenyekiti wetu, Mzee Johana, ambaye pia anaongoza kamati ya chai, nasi tukapiga makofi mpaka vikombe vikapoa. Mimi, Seth Ogeto, nikateuliwa Afisa wa Vyanzo vya Hadithi. Nilipewa meza, muhuri na kabati la chuma.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Mwalimu Rodah, anayeishi huku chini ukitoka Roret. Alikuwa ameandika riwaya kuhusu kijiji kinachosubiri lori la majani chai kwa miaka arobaini. Watu wanachumbiana wakisubiri, wanazaa, wanazeeka, na lori haliji. Mwenyekiti alisoma kurasa mbili, akaufungia mswada kabatini.

"Hii kitu ameitoa mahali," akaniambia. "Tafuta hicho chanzo, Seth. Ukikipata, kamata!"

"Hata kama ni mtu mkubwa, mzee?"

"Hata kama ni mkubwa. Sheria ni sheria."

Rodah alikuja ofisini macho mekundu. "Afisa, wachapishaji Nairobi wanataka mswada Ijumaa. Nikikosa, wanachukua wa mtu mwingine. Miaka mitatu nimeandika na taa ya mafuta. Nihurumie."

"Huruma haiko chini ya idara yangu, mwalimu. Hadithi ulitoa wapi?"

"Kwa foleni ya majani. Si uje ujionee?"

Nikaenda naye, nikabeba muhuri wangu, na mswada kama kielelezo. Kwenye kituo cha kuuzia majani akina mama walikuwa wamekaa juu ya magunia yao tangu asubuhi. Karani wa mizani alikuwa anakoroma.

"Lori inakuja saa nane," akanieleza Mama Chepkemoi.

"Saa nane ya leo?"

"Hiyo hawajasema."

Basi wakapiga stori. Kufikia saa kumi nilikuwa nimesikia ndoa mbili zikivunjika na moja ikirudiana, na mimi mwenyewe nimecheka mpaka kofia ya serikali ikaanguka. Hapo nikahitimisha kitaalamu: chanzo cha riwaya ni kuchelewa kwa lori. Ilibaki kujua chanzo cha kuchelewa.

"Na hili lori huwa linaenda wapi?"

"Ai, afisa! Kumbe wewe ni mgeni hivyo?" Wakaangua kicheko.

Majani yalikuwa yameanza kuharibika na kuwa mekundu ndani ya magunia lori lilipofika. Nyuma lilibeba seti ya sofa, mpya kabisa, bado imefungwa nailoni. Mbele, kando ya dereva, alikaa Mzee Johana.

Kusema kweli nilifurahi sana. Si kila siku afisa anamaliza uchunguzi kabla ya saa za kazi kuisha. Nikasimama mbele ya lori, nikapiga saluti.

"Mzee, chanzo kimepatikana. Uko chini ya ulinzi."

"Nani?"

"Wewe, mzee. Pamoja na sofa."

Mama Chepkemoi alicheka kwanza, kisha kituo kizima. Karani akaamka. Mwenyekiti akashuka akijipangusa jasho.

"Wewe Seth, unaniaibisha mbele ya watu!"

"Kwa hivyo hadithi haikutoka kwako?"

"Kwangu? Mimi naijulia wapi?"

"Basi ilitoka wapi, mzee? Lazima nijaze kitu."

"Haikutoka mahali! Ametoa kichwani! Ametunga tu!"

"Nipige muhuri hivyo?"

"Piga! Na umpe kitabu yake aende!"

Nikapiga muhuri palepale juu ya boneti. Rodah aliupokea mswada wake kwa mikono miwili, akaukumbatia, machozi yakimtoka. Nilidhani angekimbia nyumbani. Badala yake alitoa biro, akalizunguka lori mara moja akichungulia.

"Asante sana, mzee," akasema. "Na hizo sofa ni za rangi gani vile, hapo chini ya nailoni? Sura ya mwisho ilikuwa imenikwama."